Tumbo la Zimwi na Mkunga Aliyetoweka

Sogeeni, na mniitikie, nisisimulie peke yangu.

Palikuwa na mkunga, Bi Mwanasha, akatoweka kijijini. Jirani yake alikuwa zimwi, mla mihogo.

Wanakijiji wakaanza kusemezana. Wa kwanza akasema, "Nilimwona zimwi akichokonoa meno." Tumbo la zimwi likafura. Wa pili akasema, "Mlangoni pake nimeona kanga." Likafura zaidi. Wa tatu akasema, "Kamla, tunauliza nini tena?" Likawa kama mtungi.

"Si mnaliona tumbo lile?" watu wakaambiana, wakamwendea na mapanga.

"Sijala hata muhogo tangu mlipoanza kunisema," zimwi akalia.

Panga limeshainuliwa, Bi Mwanasha huyo anakuja na mkoba wake. "Nilikwenda kuzalisha ng'ambo ya mto. Tangu lini mkunga akaaga, ili mahasidi wamfuate?"

Hapo zimwi akacheua. Yakatoka yale maneno, kila moja kwa sauti ya aliyelisema, mpaka tumbo likagusana na mgongo. Watu wakashusha mapanga, wakashusha na pumzi.

"Afadhali," zimwi akasema. "Sasa nina njaa."

Mihogo ililetwa mbio siku ile.

Ngano yangu imefika mwisho. Mwenye neno la kuongeza, alimeze mwenyewe.