Kikaratasi Chekundu cha Chausiku

Hadithi hii nimeletewa na mtu, naye aliletewa na mwingine. Ukimaliza kuisoma usiilalie. Mpelekee mzazi mwenzako.

Palikuwa na fundi pikipiki mmoja, jina lake Shomari. Mikono yake ilikuwa na baraka, lakini yeye na subira hawakuwahi kufahamiana. Hata chai hakuweza kuingoja ipoe. Kila asubuhi aliunguza ulimi, kisha akamlaumu mkewe.

Siku moja, saa nne asubuhi, alipigiwa simu gereji. Binti yake wa miaka mitatu, Mwantumu, alikuwa amezidiwa na homa, na mama yake alikuwa amemkimbiza hospitali ya wilaya. Shomari alitupa spana akaenda hivyo hivyo, na ovaroli lake la oili.

Chumba cha dharura kilijaa hadi mlangoni. Alimkuta mkewe, Zaina, kwenye benchi la mwisho, mtoto akilia mapajani.

"Mmeshaonwa?"

"Ametolewa damu ya kupima. Wamesema tungoje, tutaitwa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili."

"Saa mbili! Mama Mwantumu, wewe ukiambiwa ungoje kiama utangoja!"

"Baba Mwantumu, kaa kwanza."

Hakukaa. Alikwenda mlangoni, akarudi. Alihesabu watu waliokuwa mbele yao, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kila jina lililoitwa lilimshtua, na kila mara halikuwa la mwanawe. Alikuwa anaogopa, na kwa kuwa hakujua kuogopa, alikasirika.

Zaina alipompeleka mtoto bombani kumpoza kwa maji, Shomari alilivamia dirisha la mapokezi.

"Nitazamie faili la Mwantumu Shomari."

Karani alipekua daftari. "Halipo."

"Halipo vipi, na mtoto yuko hapa tangu saa mbili?"

"Labda halikufunguliwa, kaka. Ngoja nifungue jipya. Ukaliweke pale kwa nesi."

Kumbe walikuwa wamesahauliwa! Shomari alilichukua faili jipya mpaka kwenye meza ya nesi. Nesi hakuwapo. Palikuwa na rundo la mafaili, na la juu kabisa lilibanwa kikaratasi chekundu. Pale ukutani palikuwa na tangazo: chekundu, aonwe kwanza. Kwenye jalada la faili hilo paliandikwa kwa kalamu nene: CHAUSIKU, MIAKA 3.

Alitazama huku, akatazama huku. "Huyu Chausiku ana mjomba wake humu ndani," alijisemea. Akakichomoa kile kikaratasi, akakibana kwenye faili la mwanawe. La Chausiku akalisukumia chini kabisa ya rundo. Akarudi kukaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatulia.

Hakutulia sana. Nesi alirudi, akalifungua lile faili la juu, akakunja uso. "Huyu hata uzito hajapimwa, nani kamwekea chekundu?" Akalitupia meza ya pembeni.

Shomari alijifanya anafuta oili kwenye ovaroli lake.

Ikaanza safari ya wengine. Akaingia aliyeungua mkono na uji. Akaingia mwenye kikohozi. Kisha akaingia mtoto aliyejitia punje ya harage puani, akicheka, anapunga watu mkono.

"Hata wa harage!" Shomari alifoka. "Nchi hii bila kujuana hupiti!"

"Baba Mwantumu," Zaina, aliyekuwa amesharudi kutoka bombani, alisema taratibu. "Mbona halii tena?"

Shomari aliinama. Macho ya mtoto yalikuwa nusu wazi, viganja vyake vyeupe kama karatasi. Alimnyanyua mkono, mkono ukaanguka wenyewe. Alisimama apige kelele, lakini mwingine alimtangulia. Sista Perpetua, mkuu wa zamu, alikuwa ametoka maabara akikimbia.

"Chausiku yuko wapi? Damu yake ya kuongezewa iko tayari saa nzima sasa! Faili nililiweka juu mimi mwenyewe!"

Akalipekua rundo, akalikuta chini kabisa, bila kikaratasi. "Mama Chausiku! Mama Chausiku!"

Zaina akainuka, mtoto begani. "Abee! Tuko hapa!"

Shomari alimshika kanga. "Chausiku ni nani?"

"Ni mwanao. Mama yangu alimwita hivyo usiku aliozaliwa, wewe ulikuwa safarini. Uliporudi ukampa jina la marehemu mama yako, tukanyamaza ili tusigombane. Lakini kwenye kadi ya kliniki ni Chausiku. Miaka mitatu, baba Mwantumu, kadi hiyo hujawahi hata kuniomba uione."

Akaondoka mbio na sista. Shomari alibaki amesimama katikati ya watu.

Mtoto aliongezewa damu. Hadi saa nane baba yake alizunguka nje ya mlango ule, hakumgombeza mtu. Sista alipotoka kusema kwamba mtoto amefumbua macho na ameomba uji, Shomari alilia mbele za watu wote.

"Sista, faili nililishusha mimi."

Sista Perpetua alimgeukia. "Ulidhani ni la nani?"

"Nilidhani ni la mtoto wa mtu."

"Yote yaliyo pale ni ya watoto wa watu," sista alisema, akarudi kazini.

Funzo: Kabla hujamrudisha mwenzio nyuma ili wako apite, uliza kwanza ni nani; na ukiambiwa si wako, bado mwache mbele.