Mtu Aliyepatia Kuhusu Dhahabu

Funikeni Biblia kidogo, ila acheni kidole pale tulipofika, tutarudi. Nina habari ya mtu mmoja, na tangu iniingie kichwani Jumatano mwili wangu haujatulia. Tumwite Elinaja. Nimepitia majina ya washarika wote, hapa hakuna Elinaja, kwa hiyo msianze kugeuza shingo kumtafuta.

Mdogo wake Elinaja alifariki, akaacha mke na watoto. Mafao ya marehemu yalipotoka, ukoo ukakaa, ukasema fedha hizi ni za kusomesha watoto, na azitunze Elinaja, maana ndiye mwenye kichwa. Mjane akakubali kwa moyo mweupe. Sasa mnajua sisi watu wa mlimani tulivyo. Desemba tunapanda nyumbani, mbuzi anachinjwa, na yule aliyekabidhiwa mali ya wenzake anasimama mbele ya ukoo mzima na kueleza imefikia wapi. Hata kama una homa, utasimama.

Elinaja alikuwa na rafiki zake wawili mjini. Kila Jumamosi wanakutana kwenye supu, na wala hawazungumzi mpira. Wanazungumza masoko ya fedha, ya hapa kwetu na ya ng'ambo. Wa kwanza ni mtu wa hisa. "Nunua hisa za kiwanda cha saruji," anasema, "malori yake unayaona barabarani kwa macho yako mwenyewe." Wa pili anafuata mifuko mikubwa ya ng'ambo, ile inayokusanya fedha za matajiri na kuzizungusha sokoni. Ikitangazwa tu kwamba mfuko fulani umenunua kitu, naye huyo, ananunua. Yule wa hisa anamwambia, "Bwana wewe, hizo habari zinatangazwa baada ya miezi. Unafika shughulini wenzako wameshaosha masufuria." Basi hapo ni kelele mpaka supu inapoa.

Elinaja yeye ni dhahabu tu. Lakini hakununua kipande cha dhahabu, nisikilizeni vizuri hapa. Kulikuwa na kampuni kubwa ya fedha huko nje iliyokuwa inauza hati. Hati hiyo unainunua sokoni kwa simu yako, kama unavyonunua hisa, na kampuni inakuahidi hivi: dhahabu ikipanda, hati yako nayo inapanda, na siku ukitaka chako tutakulipa. Elinaja akaweka humo fedha za watoto wa marehemu. Zote, jamani. Hakubakiza hata za madaftari.

"Itashuka hiyo," wa hisa anamwambia.

"Haishuki," Elinaja anajibu. "Dunia ina vita kila upande. Watu wakiogopa wanakimbilia dhahabu, ndivyo ilivyo tangu enzi na enzi. Hebu niambie nimekosea wapi."

Wala hakuwa amekosea. Mtu alikuwa anasoma, anafuatilia, anaijua dhahabu kuliko anavyomjua mke wake. Na wenzake nao, kwa ubishi wao wote, kila Jumamosi walikuwa wanabishana habari ya dhahabu peke yake. Itapanda, itashuka, itapanda. Habari ya ile kampuni iliyotoa hati, hakuna aliyewahi kuigusa.

Na kweli dhahabu ikapanda. Ikapanda mpaka yule wa hisa akaanza kuchelewa kuja kwenye supu kwa aibu. Desemba ikafika, Elinaja akapanda nyumbani kichwa juu. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa amepata nafasi chuo cha udaktari, anangoja ada tu, na siku hiyo amevaa gauni jipya. Watu wamekula, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, inazunguka, na msiniangalie hivyo, mimi nasimulia tu. Elinaja akasimama. "Ndugu zangu," akasema, "zile fedha mlizonikabidhi zimezaa. Huyu binti atasoma mpaka amalize, na wadogo zake wote watasoma." Kina mama wakapiga vigelegele. Mjane akajifunika uso kwa kanga akalia, kwa sababu tangu amzike mumewe hakuwa amesikia neno zuri kama hilo.

Vigelegele havijaisha, simu ya Elinaja ikaita. Ni yule rafiki wa hisa.

"Umeona habari za leo?"

"Nimeona," Elinaja akacheka. "Dhahabu imepanda tena. Umepiga kukubali umeshindwa?"

"Sikukupigia kwa hilo. Ile kampuni iliyotoa hati zako imefilisika. Imefunga milango asubuhi hii."

"Pole yao. Mimi nina dhahabu."

 Yule rafiki akasema polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba, "Ndugu yangu, dhahabu hukuwahi kuwa nayo. Ulikuwa na neno lao tu kwamba watakulipa. Na wenyewe ndio hao, hawana cha kumlipa mtu."

Elinaja akakata simu. Akaangalia humo bei ya dhahabu. Ipo juu, haijawahi kuwa juu hivyo. Akaangalia hati yake. Hakuna kitu. Watu wote pale uani wanamtazama, vikombe mkononi.

Mjane akamsogelea. "Shemeji, kuna nini? Si umesema sasa hivi kwenye simu dhahabu imepanda?"

"Imepanda, shemeji."

"Sasa?"

"Sikuwa nayo," akasema. Akakaa chini palepale kwenye majani, mtu mzima, na suti yake.

Mimi nilipofika hapo nikiiandika habari hii niliweka kalamu chini. Nimezoea mifano ya wapumbavu, mtu anafanya ujinga, anaumia, tunasema shauri yake. Lakini huyu alikuwa amepatia. Kila alichosema kuhusu dhahabu kilikuwa kweli, na jioni ile, wakati yule binti anaingia ndani kuvua gauni lake jipya, kilikuwa bado ni kweli. Dhahabu haikumwangusha. Dhahabu haikuwa inamjua hata kidogo. Mnaliona hilo? Mtu anaweza kusema kweli tupu juu ya kitu, akakitetea, akakigombania na marafiki, na mkononi hana hata chembe yake. Mimi limenitisha sana.

Maana ndio sisi. Sisi tunajua kubisha. Mwambie mtu wa hapa kwetu kwamba Mungu hayupo, uone atakavyokurukia. Mungu ni mwema, tunasema, na ni kweli. Mungu hashindwi, na ni kweli. Tumepatia kila kitu. Swali langu la leo ni dogo tu, nalo linaniuma: wewe umemshika yeye, au umeshika neno la mtu aliyekuahidi habari zake?

Kuna mama mmoja wa hapa hapa, simtaji, na mama utulie, sikutaji. Nilimwuliza wiki hii, "Mama, unaendeleaje na sala nyumbani?" Akaniangalia kwa upendo kabisa, akasema, "Ah, mchungaji, mimi naomba nini tena, si wewe upo unatuombea?" Alidhani ananisifu. Wapendwa, nilishtuka, nikaondoka pale bila hata kumaliza chai. Nikajiuliza ni wangapi humu ndani wameweka watoto wao, ndoa zao, kufa kwao, vyote, kwangu mimi. Kwangu! Mtu mwenye presha, mwenye hasira, na mke wangu pale mbele anainamisha kichwa kwa sababu anajua ninachokisema.

Mimi naweza kuanguka. Naweza kuanguka kwa ugonjwa, naweza kuanguka kwa aibu, wachungaji wenye sauti nzuri kuliko yangu wameanguka, na mmeona washarika wao walivyotawanyika wakisema Mungu amewaacha. Mungu hakuwa ameenda popote. Siku nikianguka atakuwa palepale juu, na wewe utakuwa umekaa kwenye majani na nguo yako ya Jumapili, watoto wako wanakutazama. Utawaambia nini?

Kwa hiyo leo sitawaombea. Najua mmezoea niinue mikono, ninyi mseme amina, twende kwenye matoleo. Leo hapana. Kila mtu afumbe macho, afungue kinywa chake mwenyewe, amwambie Mungu maneno yake mwenyewe, hata kama yanakwama. Wazee wa kanisa nanyi vilevile. Ukikosa la kusema, mwambie hivyo hivyo kwamba huna la kusema.

Mimi nakaa chini. Anzeni.