Sifuri Nane za Clive Hadley

Clive Hadley alikuwa dereva wa lori la matela matatu kati ya Port Augusta na Alice Springs, huko Australia, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuvunja hata taa. Ila siku hizi usingizi ulikuwa umemshika pabaya. Usiku alikoroma hadi madirisha yakatetemeka, na mchana alisinzia uma ungali mkononi. Mkewe Raelene alimsihi amweleze daktari.

"Nikisema, leseni inakwenda," Clive alimkata kauli. "Nitaendesha nini, toroli?"

Siku ya kupimwa afya kwa ajili ya leseni alikwenda zahanati akiwa amekwisha kufundwa na madereva wenzake. "Ukiulizwa unasinzia mara ngapi, andika sifuri. Sifuri kila mahali, mzee, hata wakikuuliza una watoto wangapi!"

Katika fomu, maswali ya usingizi yalikuwa manane. Clive akaandika sifuri nane, akaketi kungoja zamu yake. Kiti kilikuwa laini mno. Alipozinduka, Dokta Pillai alikuwa amesimama mbele yake, na wagonjwa wote wanamtazama.

"Nimekuita mara nne, Clive," daktari alisema walipoingia ndani. "Sifuri zako zinakoroma kweli kweli."

"Uchovu tu, dokta. Jana tulikuwa na wageni."

"Haya. Niambie wewe mwenyewe: nitie sahihi kwamba unafaa kuendesha?"

Clive aliitazama kalamu. Sahihi ndiyo aliyoifuata, lakini moyo ulimsuta.

"Usitie," alisema. "Jumatano, saa sita mchana, niliamka magurudumu yamo vumbini, nje ya lami. Mbele yangu kulikuwa na gari lenye watoto. Sijamwambia hata Raelene." Akalia bila haya.

Leseni ilisimamishwa. Kwa wiki sita Clive alihangaika nyumbani kama kuku atakaye kutaga. Alipopimwa usingizini, ilionekana pumzi humkatika mara arobaini kwa saa. Akapewa mashine ya kumpulizia hewa puani.

"Mume wangu, umekuwa tembo!" Raelene alicheka alipomwona na mpira wa hewa unaning'inia usoni. "Lakini tembo kimya, Mungu ashukuriwe."

Hatimaye Dokta Pillai akamwandikia cheti: aendeshe, mradi atumie mashine kila alalapo na apimwe kila mwaka. Clive alishusha pumzi ndefu, akampigia mkewe simu palepale.

"Leseni imerudi!"

"Na ungesema mwaka jana?"

"Ingekuwa imerudi mwaka jana," Clive alikiri, furaha imemjaa.

Alichoogopa kukisema ndicho kilichomponya alipokisema. Mficha uchi hazai.