Kaburi Lililozidi Shubiri Mbili

Inasimuliwa kwamba mambo ya Wahbi, mshona viatu wa mji mmoja wa Yemen, yaligeuka siku ya Jumatatu, tarehe kumi na saba Rajabu, adhana ya alasiri ikiwa haijamalizika. Saa hiyo mkewe, Bibi Rumaisa, alifariki dunia kwa homa ya siku mbili.

Wahbi alikuwa miongoni mwa waja waliojichimbia kaburi wangali hai. Kila Ijumaa alishuka humo, akalala, akaukumbuka mwisho wake, kisha akarudi kwenye ngozi na sindano zake. Ardhi ya pale ilikuwa mwamba, na kuchimba kaburi kulichukua siku nyingi. Basi alipofiwa aliridhia mkewe azikwe humo.

Matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza barazani.

"Alijua, ndiyo maana akachimba mapema. Yule ni mpiga ramli."

"Ramli gani nawe! Umemwona na ubao wa mchanga?"

"Basi mnajimu."

"Nyota azionee wapi, na tundu la sindano lenyewe halioni?"

"Kahini, basi. Jini humnong'oneza."

Mzee mmoja akawakemea. "Msimvunjie heshima. Huyo ni walii, amefunuliwa."

Jina hilo wakalipenda. Kesho yake kibanda cha Wahbi kilijaa watu wasio na viatu vya kushona. Huyu anauliza mchumba wake atakuja lini, yule anauliza kama mbuzi wake atazaa pacha.

"Mama, mimi nashona viatu," Wahbi alisema. "Ya mbuzi wako siyajui."

"Umesikia unyenyekevu huo?" mama akamwambia mwenzake. "Mawalii ndivyo walivyo."

"Astaghfirullah! Nikisema najua mtaniamini, nikisema sijui mnaniamini zaidi! Niseme nini, enyi watu?"

Alasiri akaingia Ghasani, ndugu wa marehemu Rumaisa. Yeye aliishi bondeni, mwendo wa nusu siku, na alipoitwa aliwahi maziko tu. Hakukaa.

"Shemeji, mji mzima unasema ulijua. Ulijua dada yangu anakufa ukaninyamazia? Ningekuja. Ningemkuta akiwa hai. Kama ni kweli, sikusamehe hapa, wala mbele ya Mola wetu."

Wahbi akaweka sindano chini. Uchovu wa siku zote zile ulimpanda kifuani, lakini alisema polepole.

"Mpiga ramli hudai mchanga umemwambia. Mnajimu hudai nyota. Kahini hudai jini. Hao ni waongo, lakini angalau unaweza kuwaambia, tuonyesheni. Mimi mmenipa jina la walii, lisilodaiwa ushahidi, kisha mkamtaja Mwenyezi Mungu juu yake. Hilo ndilo linalonitisha." Akamtazama shemeji yake. "Ghasani, nani alishuka kaburini kumlaza dada yako?"

"Mimi."

"Miguuni pake uliona nini?"

"Nafasi," akasema. "Palibaki kama shubiri mbili."

"Nilichimba kwa kimo changu. Ningejua ni lake, ningechimba kwa kimo chake. Na ningejua, ningekaa siku mbili nashona makubadhi ya watu, naye anatetemeka chumbani? Nilimwambia, 'Jilaze kidogo, itapoa.' Basi huo ndio utabiri wangu. Sina mwingine."

Ghasani akapiga magoti, akamshika shemeji yake kichwa, wakalia pamoja. Mama wa mbuzi akajitanda kanga yake vizuri, akatoka kimya, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Tangu hapo aliyefika kibandani alifika na kiatu mkononi.

Ndugu waumini, msiba ukituingilia tunamtafuta aliyejua. Tunaona afadhali awepo mtu wa kumlaumu, kuliko kukiri kwamba sote tulikuwa hatujui, nasi tulikuwa karibu kabisa na kitanda. Wahbi angeweza kuishi kwa heshima ya jina lile mpaka kufa kwake. Alichagua kuonekana mbele za watu jinsi alivyokuwa, mume aliyekosea. Ya ghaibu ni ya Mola peke yake.

Ewe Mola, mrehemu Rumaisa, na uwarehemu wote tuliowaambia itapoa, isipoe. Wapanulie makaburi yao zaidi ya shubiri zile mbili, uwatilie nuru humo, na utukutanishe nao ukiwa radhi nasi. Amin.