Makochi Yaliyokwenda kwa Majirani

"Niambie basi, leo sisi ni maskini au ni matajiri? Nijue nivae nini."

"Mke wangu, usinipandishe presha asubuhi yote hii. Leo ni matajiri. Vaa kile kitenge cha harusi ya mdogo wako."

"Mwezi wa tatu ulinivua hata hereni!"

"Mwezi wa tatu alikuja mtu wa kodi. Leo anakuja mtu wa benki. Hujui tofauti?"

"Tofauti naijua. Nisichokijua ni kwamba mimi niliolewa na yupi kati ya hao wanaume wawili."

"Basi, mama. Shika kochi upande huo, tuliingize."

Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu, hao waliokuwa wakigombana ni fundi seremala mmoja na mkewe. Fundi huyo alitengeneza makochi mazuri, watu walikuwa wakitoka mitaa ya mbali kuyafuata. Karakana yake ilikuwa uani, kwenye nyumba aliyopanga, na watoto wake wote walizaliwa katika nyumba hiyo. Sasa mwenye nyumba alikuwa amezeeka, anahamia kwa binti yake, na nyumba anaiuza. Akamwita fundi akamwambia, "Wewe nakupa nafasi ya kwanza. Ukishindwa, kuna mtu wa maduka ameshaiona."

Fundi hakuwa na fedha ya kununua nyumba kwa mkupuo. Akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba, ule unaolipwa polepole kwa miaka mingi. Benki wakampa karatasi za kujaza, akajaza na kusaini. Wakamwambia ofisa wao atakuja kumtembelea.

Lakini mnataka kujua habari ya hereni. Kila mwaka alipita ofisa wa kodi kukadiria biashara za mtaa ule. Siku hiyo makochi yote ya fundi yalibebwa kupelekwa kwa majirani, na majirani waliipenda kuliko sikukuu. Kuna bibi mmoja alialika kikundi chake chote cha akina mama, wakakaa juu ya makochi yakiwa bado na nailoni, wakanywa chai kama wako hotelini. Watoto waliruka juu yake mpaka wakachapwa. Ofisa wa kodi alipofika, alimkuta fundi amekalia ndoo iliyopinduliwa, anagongelea stuli moja yenye mguu mbovu.

"Biashara ngumu, mzee wangu. Mwaka mzima nimeuza stuli tu."

Ofisa anaandika, fundi anasaini, kodi inakuwa ndogo. Jioni makochi yanarudi, na mtaa mzima unacheka.

Naona na ninyi mnacheka. Ni nani humu ndani hajawahi kulipokea kochi la jirani?

Siku ya mtu wa benki mambo yaligeuka. Fundi aliyapanga karakanani makochi yake yote, akaona hayatoshi. Akaenda kwa majirani kuazima hata yale aliyowauzia zamani. Siku ile mtaa ulikaa mikekani. Karakana ilijaa mpaka paka alikosa pa kupita.

Ofisa wa mikopo alikuwa mama mmoja mpole. Alizunguka, akagusa vitambaa, akachagua kochi moja la rangi ya damu ya mzee, akaketi.

"Fundi, mkono wako una baraka. Hapa hata sitaki kuinuka."

Mke akaleta soda na sambusa. Fundi akaona mlango umefunguka.

"Basi, mama, umejionea mwenyewe. Mkopo huu nitaulipa bila wasiwasi."

"Nimeona, baba. Ila mapato yako tuliyapata kabla sijaja."

"Mliyapata wapi? Kwa majirani?"

"Ofisi ya kodi. Ile karatasi uliyosaini ilikuwa ya kuturuhusu tuwaulize." Akafungua mkoba wake, akasoma aliyoyakuta. Stuli. Mwaka baada ya mwaka, stuli. "Kwa mapato haya, baba, mkopo ninaoweza kukupa unatosha kuezeka choo."

Mkewe akacheka. Hakukusudia, kilimtoka tu.

"Mama, wale watu wa kodi nilikuwa nawadanganya!"

"Na leo?"

"Leo nasema kweli tupu!"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Kabla fundi hajajibu, jirani akachungulia uani. "Hodi jamani. Fundi, samahani, naomba lile kochi langu jekundu. Wakwe wamefika, nimewakalisha chini."

Yule mama wa benki akainuka taratibu, kwa sababu kochi lenyewe ndilo alilokuwa amelikalia.

Hakumtukana fundi. Alimwambia tu, "Nenda kule ofisi ya kodi ukarekebishe hesabu zako. Lipa unachodaiwa, kisha siku moja uje tena." Lakini mwenye nyumba hakuweza kungoja siku moja. Nyumba ikaenda kwa mtu wa maduka.

Mimi habari hii imenifikirisha sana. Kwa nini benki iulize ofisi ya kodi? Kwa nini isiwaulize wateja wa fundi, au mtaa, au ihesabu makochi? Nimezunguka na swali hilo, na nadhani nimepata jibu. Hakuna mtu anayejisifu mbele ya ofisa wa kodi. Pale kila neno kubwa unalolisema utalilipia. Kwa hiyo ukikubali pale kwamba unacho, basi unacho kweli. Benki inatafuta mahali ambapo ukweli wako ulikugharimu.

Na sisi je? Mtu akitufuata atafute mahali ambapo ukweli wetu ulitugharimu, atapakuta wapi?

Ukitangazwa msiba, watu wa kulala matangani wanatafutwa, sisi hatuna nafasi, mgongo unauma. Akija askofu, sisi ndio wenye kanisa, tunakaa mbele mpaka wageni wanakosa viti. Jirani akija kuazima unga, hatuna kitu. Tukiomba kwa Mungu tunasema, "Baba, unajua jinsi ninavyojitoa." Tumekuwa watu wa vipimo viwili, na tunadhani wale tuliowaambia kipimo kidogo hawatakutana kamwe na wale tuliowaambia kipimo kikubwa.

Wanakutana, wapendwa. Fundi hakuchongewa na mtu. Hakuna aliyemsingizia hata stuli moja. Aliyemnyima nyumba ni yeye mwenyewe, kwa maneno aliyoyasema kwa mdomo wake akiwa amekalia ndoo. Mungu naye hana haja ya kutuzungukia uani kukagua tulivyopanga makochi. Anatusikia siku zote mbili, ya ndoo na ya soda.

Kama hapo ndipo ingeishia, nisingewaletea habari hii, maana ingekuwa ya kutuchoma tu. Lakini fundi alihamia vyumba viwili vya kupanga, akafunga turubai nje, akaanza kazi upya. Mkewe hakumsema, ila hakulisahau swali lake, lile la wanaume wawili. Jumatatu moja fundi akavaa shati safi, akamwambia, "Twende wote." Wakaenda mpaka ofisi ya kodi.

Aliyekuwa mezani ni yule yule ofisa wa kila mwaka. Akamwona, akanyanyua mkono kwa furaha. "Aa, fundi wa stuli! Karibu, karibu! Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Si tunajuana siku nyingi?"

Fundi akavua kofia.

"Hapana, mzee wangu, hatujuani. Nimekuja kujitambulisha."