Wambea wa Anyosisye

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, kwenye milima ya Rungwe ambako mvua haina likizo, walikuwepo watu watatu waliopenda kusikiliza yasiyowahusu. Msicheke, nanyi mngekuwa na redio kama yao mngefanya vivyo hivyo. Ilinasa mazungumzo ya malori ya chai, ya gari la wagonjwa, na ya askari wa msitu. Kusikia inasikia, kujibu haijibu.

Askari mmoja wa msitu, Anyosisye, aliwajua. Kila akianza zamu aliwasalimu hewani: "Wambea wangu, mpo?" Nao walicheka na kuitikia, ingawa yeye hakuwasikia.

Basi binadamu hatosheki. Kila walipotoka na gari iliwabidi wabonyezebonyeze, watoe stesheni za huku, waweke za kule. Anyitike, fundi wa vyombo vya umeme, akasema yeye anataka redio inayojua yenyewe ilipo. Akaifungia kidude cha kusoma setilaiti. Tusajigwe, mwalimu wa jiografia, akaichorea kila stesheni duara lake kwenye ramani. Ukiwa ndani ya duara, stesheni inasikika, ukitoka, inanyamaza. La askari wa msitu alilichora kubwa. Anyitike akalalamika kwamba huko pembeni linaleta mikwaruzo. Akalalamika, akalalamika, mpaka Tusajigwe akalipunguza, likaishia kwenye kona ya barabara. Wa tatu alikuwa Asajile, mwenye gari.

Jumamosi moja mchana wakatoka. Siku zote Asajile husimama kabla ya kona. Siku hiyo akapita kona kidogo tu, maana pale palikuwa na mama anachoma ndizi. Redio ikanyamaza. Asajile akafurahi, akasema leo msitu umetulia. Wakala ndizi zao, wakashiba.

Kumbe kule msituni mti umemwangukia Anyosisye miguuni, na damu inamtoka. Mwenzake wa kituoni alimsikia, lakini hakuwa na gari. Alikwenda mbio kwa miguu, akachelewa. Ndiye aliyesimulia msibani maneno aliyoyasikia njiani kwenye redio yake ya mkononi: "Wambea wangu, najua mnanisikia. Leteni gari." Anyosisye aliyasema hayo, akayarudia, mpaka sauti ikaisha.

Inauma, jamani. Hata kusimulia inauma.

Watatu wale wakaanza kurushiana lawama. Anyitike alisema kidude chake hakikukosea hata siku moja, kiliwaonyesha walipo na ndiyo kazi yake. Tusajigwe akamwambia, "Duara langu lilikuwa kubwa. Nani alilialia masikio yanamuuma?" Asajile naye akasema yeye ni dereva, anasimama penye nafasi. Akamgeukia Tusajigwe. "Ulipolipunguza, uliniambia? Mimi nimesikia kimya, nikaamini ni kimya."

Wakagombana hivyo hadi wakachoka. Mwisho wakatuma salamu kwa mjane, Tumpale, kwamba wanakuja wote watatu kumwomba radhi.

Tumpale akawajibu, "Mkija watatu sifungui mlango. Mtakuja kutazamana tu. Redio yenu ilijua nyie mlipo, lakini mume wangu alipo hakuna aliyejua. Aje mmoja, akae hapa mbele yangu, aseme ni mimi."

Redio ile imezimwa, iko kabatini kwa Anyitike. Asajile hapiti tena barabara ile, na Tusajigwe akifundisha ramani hutoka darasani kabla ya kengele. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aende. Na Tumpale, gari likipunguza mwendo karibu na kwake, huacha anachofanya akasikiliza. Likipita, anaendelea na kazi yake.

Haya, nanyi mliokaa hapa mkisikiliza ya wenyewe, leo hii redio yenu inajibu. Aliyetaka kidude na kuchoshwa na mikwaruzo, aliyepunguza duara na kunyamaza, au aliyepita kona akafurahia ukimya? Mlango ni mmoja na anayetakiwa ni mmoja. Je, nani aende akabishe hodi?