Jiwe la Bi Sekela na Kibuyu cha Tulinagwe

"Jiwe huwahi moto, maji hufika nao."

Maneno haya nilimwambia Tusekile jana, alipofunga daftari akisema kichwa chake ni kizito, wenzake wameelewa hesabu yeye bado. Nanyi vijana mnaosoma nami darasa la jioni mkaniuliza nimeyatoa wapi. Yametoka kwetu, milimani Rungwe, enzi za bibi yangu, na yalianza hivi.

Msimu wa baridi kali, mke wa Ambilikile alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mwepesi kama kifaranga. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa asubuhi hadi jua lianze kushuka, na ukungu ulikuwa haujaondoka tangu juzi yake. Kila mtu alijua kwamba mtoto yule akishikwa na baridi njiani, hafiki.

Mama yake hakuweza hata kusimama, kwa hiyo bibi wa mtoto, Bi Sekela, mama yake Ambilikile, ndiye angembeba. Alichukua jiwe lake dogo la kusagia ulezi, akaliweka kando ya makaa. Jirani yao Tulinagwe, mkunga aliyemzalisha mama yule, akabandika chungu cha maji kwenye mafiga.

Jiwe likawahi kupata moto. Maji yalikuwa bado vuguvugu.

"Tulinagwe, hayo maji unayachemsha au unayaombea?" Bi Sekela aliuliza, huku akilifunga jiwe katika blanketi pamoja na mtoto.

"Yote mawili, dada."

"Haya. Ukishasema amina, utatukuta zahanati."

"Mama, twende," Ambilikile akasema. "Mtoto hawezi kungoja chungu."

Wakaondoka. Tulinagwe akaongeza kuni. Maji yalipopata moto aliyajaza kwenye kibuyu, akakiziba vizuri, akakizungushia nguo nzito, akakibeba mgongoni kama mtoto na kushika njia.

Karibu na kilele, Bi Sekela alisimama. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Aliingiza mkono ndani ya blanketi, akagusa jiwe.

"Limepoa?" Ambilikile akauliza.

"Lingekuwa limepoa tu ningeshukuru. Sasa linamnyonya mtoto joto lake."

Alilitoa jiwe akaliweka chini. Ambilikile alivua koti, lakini lilikuwa limelowa ukungu. Nyumbani kulikuwa mbali, na zahanati mbali vilevile. Ambilikile akapiga magoti pale njiani, asijue aombe nini.

Ndipo wakasikia mtu anahema ndani ya ukungu.

Tulinagwe hakusalimia. Alifungua nguo, akasema, "Gusa."

Kibuyu kilikuwa bado cha moto. Njia ilikuwa ileile, baridi ileile. Bi Sekela alikipokea, akakilaza ndani ya blanketi, nguo ikiwa katikati ili mtoto asiungue. Wakaendelea. Walipoanza kuteremka, mtoto alipiga chafya, kisha akalia.

"Lia, baba," Bi Sekela akamwambia. "Lia mpaka wakusikie."

Kule zahanati muuguzi alimfungua mtoto, akashangaa. "Ana joto zuri huyu. Nani alimfunga?"

Bi Sekela angeweza kunyamaza. Badala yake alimvuta Tulinagwe mbele. "Ni huyu. Mimi nilikimbilia jiwe, nikamcheka. Jiwe huwahi moto, mwanangu, lakini maji hufika nao."

Wakati wa kurudi alilikuta jiwe lake palepale. "Wewe kazi yako ulezi," akaliambia, akaliweka kapuni.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa sayansi alisema kwamba maji hula joto jingi kuliko jiwe la uzito uleule kabla hayajawa ya moto, na kwa hiyo yana jingi la kutoa, na huchelewa kupoa. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kumbe kuni za Tulinagwe hazikupotea bure wakati wote ule watu walipodhani chungu kimelala. Moto ulikuwa unaingia.

Tusekile, mjukuu wangu, fungua daftari. Jiwe huwahi moto, maji hufika nao.